Wi-Fi ya nyumbani: Mzazi, nani anafunga lango usiku?

Hivi karibuni nilikuwa Handeni kikazi. Nilipomaliza kuzungumza na akina mama kliniki, mmoja alinivuta pembeni.

“Dada mwandishi, baba watoto amewasha Wi-Fi kwenye kompyuta, na chumba hicho hicho ndimo tunamolala na watoto. Ile mionzi haitawadhuru?”

Ni swali ninaloulizwa mara nyingi. Mawimbi ya Wi-Fi ni ya jamii moja na ya redio, si kama mionzi ya eksirei. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza mwaka 2006 kuwa hakuna ushahidi wa kisayansi unaoridhisha kwamba mawimbi hayo dhaifu yanadhuru afya. Utafiti unaendelea, lakini hofu yangu iko kwingine. Nikamuuliza: “Na usiku nani anaizima?” Akacheka. Hakuna.

Swali hilo nililitoa Korogwe, kwa dada yangu anayeishi Manundu. Shemeji hununua bando moja, huchomeka modemu kwenye kompyuta, na kompyuta inagawa intaneti kwa simu zote za nyumbani. Ni mpango mzuri. Unapunguza gharama, na mpwa wangu wa darasa la saba anapata mitihani ya nyuma ya kujipimia.

Tatizo, mwalimu alilalamika kuwa kijana anasinzia darasani. Dada akampeleka kupima malaria mara mbili, hana. Usiku niliolala kwao, saa 6, niliona mwanga chini ya shuka.

“Mama mdogo, naangalia mpira kidogo tu.”

Saa 11 alfajiri anaamshwa kwenda shule. Hapo amelala saa 5. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Kijana wetu ana miaka 13. Ili apate hizo 8, saa 3 usiku awe amelala.

Habari njema ni kwamba katika mpango huu kompyuta ndiyo lango. Ikizimwa, simu zote zilizounganishwa nayo zinakosa intaneti kwa pamoja. Huna haja ya kugombana na kila mtoto.

Tulikubaliana hivi. Kwanza, shemeji alibadilisha nywila, kwani ilishajulikana hadi kwa majirani. Kwenye Windows 10 na 11, sehemu ya hotspoti ndani ya mipangilio inakuonyesha pia vifaa vilivyounganishwa. Kama huvijui, badilisha nywila.

Pili, saa 2 na nusu usiku kompyuta inazimwa. Kijana anajua kuiwasha, kwa hiyo shemeji anachomoa modemu na kulala nayo.

Tatu, simu zote zinalala sebuleni, maana video iliyopakuliwa haihitaji bando. Ya baba nayo imo.

Wenye watoto wadogo, WHO ilishauri mwaka 2019 kuwa mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 ya skrini kwa siku, na aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa.

Mtoto wako akisinzia shuleni, kapime malaria, usiache. Ila ukirudi nyumbani, ulizia pia kompyuta inazimwa saa ngapi.