Mzigo wa Guangzhou na ushuru wa Julai

Jamani, tuongee ukweli kidogo kuhusu ushuru. Mimi si adui wa ushuru. Mwaka 2018 serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta ya kula yaliyosafishwa kutoka 25% hadi 35%, huku kwetu Singida, mkoa wa alizeti, hoja ilieleweka. Mkulima wa Iramba atashindana vipi na mawese ya Malaysia?

Lakini Julai 1, 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanza kiwango cha 35% hata kwa fanicha, bidhaa za ngozi na vyombo vya kauri. Sasa chukua mfano wa dada mwenye kaduka Singida mjini, anayeagiza sahani Guangzhou. Mzigo wa shilingi 1,000,000 ukitozwa ushuru wa 25%, kisha VAT ya 18% juu yake, analipa 475,000. Kwa 35% analipa 593,000. Tozo nyingine sijazigusa.

Kibaya zaidi ni muda. Bajeti inasomwa Juni, viwango vinaanza Julai 1, na forodha wanaangalia siku mzigo unapoombewa kutolewa, si siku ulipolipiwa. Meli ya China inakaa baharini wiki kadhaa. Muuzaji wa kule keshachukua chake. Tajiri atafidia kwenye kontena lijalo. Huyu dada mtaji wote umo humo humo.

Ninachosema ni hiki: mzigo uliopakiwa melini kabla ya bajeti utozwe kiwango cha zamani. Kumlinda mkulima wa alizeti hakuhitaji kumvizia muuza sahani njiani. Au nyie mnaonaje, wadau?