Mwandishi Mgeni Asitwishwe Seva
Programu ya WordPress, iliyotolewa bure mwaka 2003, iliwafungulia wengi mlango wa kuchapisha maneno yao wenyewe mtandaoni. Lakini mlango huo ulikuja na taklifu ya kukodi seva, kusajili anwani, kuhifadhi nakala na kuziba nyufa za usalama kila toleo jipya litokapo, shughuli ambazo mwalimu mstaafu wa Pangani, mwenye kutaka kuandika habari za majahazi, hana wasaa nazo. Kwa hiyo naiunga mkono kwa dhati huduma ambamo kampuni huyabeba hayo yote, naye mwandishi akabakiwa na ukurasa mweupe na kitufe cha kuchapisha. Sharti langu ni moja: siku atakapoazimia kuhama, akabidhiwe maandishi na picha zake zote, bila ada wala udhuru.