Axie mpya inakuja: icheze kama gemu, usiipokee kama kazi

Wandugu vijana wa Nakivale, na nyinyi wa Kyaka, Kyangwali na popote mnaposoma hii, linki imeanza kuzunguka tena. Kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam, wale wa Axie Infinity, walitangaza mwaka 2025 gemu mpya inayoitwa Atia's Legacy. Ni gemu ya watu wengi kwa pamoja mtandaoni, ile ya kuchukua mhusika wako, kumtembeza na kumkuza ngazi kwa ngazi, ndani ya ulimwengu uleule wa Lunacia. Watu wakaombwa wajiandikishe mapema. Ukiona linki hiyo kwenye grupu ya WhatsApp, angalia swali la kwanza chini yake. Hakuna anayeuliza kama gemu ni tamu. Wote wanauliza: inalipa?

Msimamo wangu nauweka hapa mwanzo ili tusipoteze muda. Kama simu yako inaibeba na moyo wako unaitaka, cheza. Lakini mtu akikuambia hiyo ni kazi, mkatalie. Na kama anayekuambia amevaa kizibao cha shirika, mkatalie kwa heshima, ila mkatalie.

Najua wengine watasema huyu anachukia maendeleo. Basi tuangalie yaliyotokea kwa Axie ya kwanza, maana hiyo siyo hadithi ya kusikia sikia, imeandikwa dunia nzima.

Axie ilianza mwaka 2018. Ilikuja kuvuma wakati wa Covid, hasa Ufilipino, ambako madereva, wauzaji wa maduka na akina mama wa nyumbani walikuwa wamekwama bila kazi. Mtu alikuwa anapigana na vinyama vyake, anapata tokeni inayoitwa SLP, anaiuza, anapata pesa ya kula. Hiyo sikatai, watu walikula. Mwishoni mwa 2021 zaidi ya watu milioni 2 walikuwa wanaicheza kila siku.

Sasa angalia mlangoni. Ili uanze ulihitaji Axie tatu, na katikati ya 2021 hizo tatu ziligharimu mamia ya dola. Maskini atazitoa wapi? Ndipo wakaja mameneja. Meneja ananunua Axie, anakuazima, unacheza, mnagawana. Wakauita mpango huo skolashipu, sawa na ile ya shule. Katika chama kikubwa kuliko vyote, Yield Guild Games, mchezaji alibaki na asilimia 70, na zile 30 zikaenda kwa meneja na chama. Mameneja wengine walikata zaidi ya hapo. Sisi tunalijua jambo hili kwa jina lake la nyumbani: unalima shamba la mtu kwa jembe la mtu, na mavuno mnagawana. Hakuna aibu kulima hivyo. Aibu ni kuuita mpango huo skolashipu.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo watu hupenda kuruka. Katika msimu ule wa 2021, SLP moja ilifika zaidi ya senti 30 za dola. Tuseme mtu alipata SLP 100 kwa siku. Hizo ni dola 30. Akitoa fungu la meneja anabaki na 21. Nani hapa kambini atakataa dola 21 kwa siku? Mimi siwezi. Lakini ndani ya 2022 SLP ikashuka chini ya senti moja. Zile 100, kwa saa zilezile na macho yaleyale, hazifiki dola moja. Fungu lako halifiki senti 70, yaani shilingi 2,500 hivi za Uganda. Toa pesa ya kuchaji kwenye solar ya jirani, toa mega. Umebaki na nini? Leja leja ya kulima ni ngumu, lakini jioni unalipwa, na unalipwa shilingi ambayo mama Dorcas wa duka anaipokea.

Kwa nini ilishuka? Hapa wale wanaotuma linki hawafiki. SLP ilikuwa na kazi moja kubwa: kuzalishia Axie mpya. Axie mpya zinauzwa kwa nani? Kwa mtu anayeingia. Kwa hiyo pesa ya aliyetangulia ilitoka mfukoni mwa aliyefuata, na wa mwisho kuingia alibaki na vinyama mkononi bila mnunuzi. Wakati wageni wanamiminika kila mtu ni mjanja. Wageni wakipungua, tokeni zinazalishwa kila siku na hakuna anayezitaka. Nikuulize sasa: habari za gemu hizi zikishafika mpaka Nakivale, baada ya Manila, Caracas na Lagos, sisi ni wa kwanza kuingia au wa mwisho?

Kuna jambo la pili. Mwezi wa pili 2022 kampuni iliondoa SLP kwenye sehemu ya Adventure, ile ambayo mtu alicheza peke yake dhidi ya mashine. Walikuwa na sababu, tokeni zilikuwa zimejaa sokoni. Lakini fikiria ni mshahara. Unaamka asubuhi, apdeti imeingia, na sehemu ya mshahara wako haipo. Hakuna kikao, hakuna mwenyekiti wa kumwendea, hakuna sanduku la malalamiko. Sisi tunajua ladha ya kufutwa kwenye orodha. Mwaka 2023 tuliwekwa kwenye kategori, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwezi wa tano 2025 WFP ikatangaza kwamba watu milioni moja hapa Uganda wametolewa kwenye msaada wa chakula kwa sababu pesa hakuna. Familia nyingi zinazosoma hapa zimo ndani ya hiyo milioni. Kwa hiyo ninapoona kijana aliyetolewa kwenye orodha moja anakimbilia orodha nyingine ambayo mwenyewe yuko mbali zaidi na hata ofisi hana Isingiro, ninasema hapana, ngoja kwanza.

Na usalama? Mwezi wa tatu 2022 wezi waliingia kwenye Ronin, mtandao wa fedha wa Axie, wakachukua zaidi ya dola milioni 600. Wizi ulifanyika tarehe 23, kampuni ikagundua tarehe 29, baada ya mtu kushindwa kutoa pesa yake. FBI wakasema ni kundi la Lazarus la Korea Kaskazini. Baadaye ikaripotiwa kwamba wezi walipata njia kwa kumtumia injinia wa kampuni ofa ya kazi ya uongo. Injinia mkubwa, mwenye mshahara mzuri, alidanganywa na ofa ya kazi! Niseme haki pia: kampuni ilitafuta pesa na wateja wakarudishiwa. Lakini je, wewe wakikuibia kwenye simu ya Tecno iliyopasuka kioo, nani atachangisha dola milioni 150 kwa ajili yako?

Tuseme sasa umecheza, umepata, hujaibiwa. Pesa inafikaje mkononi? Kutoka kwenye gemu iingie pochi ya kripto, kutoka pochi iende soko la kripto, kutoka soko iende MoMo au Airtel Money. Kila daraja lina anayekata. Hata mwishoni ukitoa pesa kwa wakala kuna ada yake, na juu yake serikali inachukua nusu asilimia. Lakini kubwa zaidi ni hili: mwaka 2022 Bank of Uganda iliziandikia kampuni za malipo zisibadilishe kripto kuwa pesa ya simu, na kesi ya kupinga agizo hilo ilishindwa Mahakama Kuu mwaka 2023. Ndiyo maana vijana wanauziana kwa mlango wa nyuma, mtu kwa mtu. Ukitapeliwa huko utaenda kusema nini polisi, na kwa karatasi ipi? Wengine hata akaunti si yao, wametumia jina la mtu mwingine, na pesa ikikua kidogo mwenye jina anakumbuka kwamba ni yake.

Sasa nigeuke kwa wafanyakazi wa mashirika, kwa sababu najua mnasoma. Kaka zangu, dada zangu, mna makosa mawili na yanapingana.

Kosa la kwanza ni kuona kijana ameinama kwenye simu anacheza, na kuandika kwenye ripoti kwamba vijana hawana shughuli. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto kinataja mapumziko na michezo kuwa haki. Nyinyi wenyewe mnatufundisha haki hizo chini ya hema. Mkirudi Mbarara jioni mnaangalia mpira na filamu, na hakuna anayewauliza zimewaongezea kipato gani. Mkimbizi peke yake ndiye anayetakiwa hata furaha yake iwe na matokeo.

Kosa la pili ni la wale wa kisasa. Wao wamesikia habari za kazi za mtandaoni, basi kila kitu chenye skrini kinakuwa kipato. Semina ya siku mbili, soda, cheti, picha. Wakiondoka, kijana anabaki na neno kubwa mdomoni na deni la kikundi cha akiba. Kabla ya kuleta tokeni yoyote hapa, jibu maswali haya mbele ya watu: pesa inatoka kwa nani, inatolewa kwa njia gani halali, na ikipotea nani analipa. Ukishindwa moja, weka soda tuondoke salama.

Najua pia mtamtaja Lual Mayen, na mna haki. Ni ndugu yetu wa Sudan Kusini, alizaliwa familia ikiwa njiani inakimbia vita, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu akapata dola 300 za kompyuta. Alikuwa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Akatengeneza gemu ya Salaam, ya wakimbizi wanaokimbia, na mwaka 2018 akaheshimiwa kwenye The Game Awards. Namheshimu sana. Lakini soma vizuri: kilichombeba ni miaka ya kujifunza kutengeneza, na mama aliyejinyima. Hakuna meneja aliyemkata asilimia. Na si lazima kila anayecheza awe Lual. Wanaopiga mpira hapa Base Camp hatuwadai wawe Bakambu.

Basi gemu kama hii ina faida gani? Mimi naona moja, na ni kubwa. Wenzetu wamepanda ndege. Mmoja yuko Texas, mwingine Australia, mwingine amerudi Bukavu na hali unaijua. Kupiga simu kila siku ni kazi, maana maneno yanaisha. Umeshakula? Mama hajambo? Kimya. Lakini mkiwa ndani ya gemu moja, mnapigana na adui mmoja, mnatukanana kidogo, mnacheka, mmekaa pamoja bila kutafuta maneno. Saa moja ya hivyo inamsaidia mtu aliyeachwa, na inamsaidia pia yule aliyekwenda, ambaye huko analia kimya kimya. Hiyo haina bei kwenye soko la kripto, na ndiyo sababu ninasema cheza.

Ila jua kwamba gemu za aina hii zimetengenezwa zikuite kila siku. Kuna kazi za kila siku, zawadi za kuingia kila siku, msimu unaofungwa kama hukufika. Free Fire unacheza raundi, unazima, unaenda kuchota maji. Hizi za kukuza mhusika zinataka miezi, na ukikosa wiki wenzako wamekuacha. Kwa mwenye umeme wa ukutani na intaneti ya nyumbani hilo ni jambo dogo. Kwa anayenunua mega na kulipia chaji, kila siku ina bei. Kwa hiyo ukiingia:

Ingia kama ni bure. Usinunue chochote mpaka umecheza mwezi mzima.

Usikope. Siyo kwa rafiki, siyo kwa kikundi cha akiba, na pesa ya chakula usiiguse.

Maneno ya siri ya kufungulia pochi yako usimpe mtu. Meneja, mhudumu wa kampuni, mpenzi, pasta, wote hapana.

Weka bajeti ya mega kwa wiki. Zikiisha, gemu imeisha mpaka wiki nyingine.

Ikitokea umepata kitu, shukuru kama mtu aliyeokota noti njiani. Lakini usiache shule, cherehani wala saluni ukaenda kukaa njiani kusubiri noti nyingine.

Wanaobisha, karibuni. Leteni hesabu, msilete skrinshoti ya pochi ya mtu tusiyemjua. Na wewe uliyetuma linki kwenye grupu, nakuomba jambo moja tu: andika hadharani unapata nini kila mtu mmoja anapojiandikisha kupitia kwako. Ukishaandika, tutaongea vizuri.