Paa kubwa la nini kama wote tunalala chini?

Jamani, kuna jambo linanikera kila nikikatiza njia ya kutoka Iringa mjini kwenda Kalenga. Ni kilomita kama 15 tu, lakini hebu tazama mapaa! Marefu, yamechongoka, yana mikunjo sita saba, bati za msauzi nyekundu, bluu, kijani. Kuna nyumba paa lake ni refu kuliko kuta zake. Ukikaribishwa ndani unakuta vijana wanne wamebanana chumba kimoja, na juu yao, nyuma ya jipsamu ya maua, kuna ukumbi mzima walioachiwa popo.

Eti hiyo ndiyo nyumba ya kisasa.

Mimi nasema hivi: anayejenga Kalenga paa la namna hiyo bila kuweka chumba cha kulala darini, amenunua chumba kisha akakipiga misumari. Mbao kalipia, bati kalipia, fundi kalipia. Kilichobaki ni sakafu, ngazi, dirisha na kitu cha kuzuia joto. Si bure, najua. Lakini je, ni ghali kuliko kuongeza chumba chini, chenye msingi wake, kuta zake na paa lake jingine?

Wapo watakaonijibu kwamba darini ni kwa panya. Nani kawaambia? Pwani, kukaa darini ni kukaa ghorofani, na hakuna aliyeona aibu. Huku kwetu nyanda za juu mahindi yalipangwa juu ya jiko, kwenye dari ya miti, moshi ukiyakausha na kuwafukuza wadudu. Bibi zetu hawakuacha nafasi ya juu ikae bure. Na tembe za Wahehe, zile za zama za Mkwawa kabla Wajerumani hawajaiteka ngome ya Kalenga Oktoba 30, 1894, zilikuwa na paa bapa lililofunikwa udongo. Udongo ule ulipunguza joto la mchana na baridi ya usiku. Haukuwekwa kwa ajili ya kuringishia majirani.

Hapo kwenye joto ndipo wapinzani wangu wanapopata nguvu, na wana haki. Bati tupu ni kikaango saa nane mchana, na usiku wa Julai ni barafu. Mvua ya Februari ikishuka humsikii hata anayekuita pembeni yako. Lakini dawa ipo. Dari ya chumba ifuate mteremko wa paa, kati yake na bati iachwe nafasi ya hewa inayoingia chini kwenye ukingo na kutokea juu kwenye kofia ya paa. Chini ya nafasi hiyo ya hewa, juu ya ubao wa dari, lala sufi ya kuzuia joto. Hiyo hiyo hupunguza na kelele. Dar es Salaam sitamshauri mtu hata kwa hayo yote. Iringa, ambako blanketi ni mali, ni habari nyingine.

Sasa vipimo, maana wengi wanaiga picha tu. Chukua nyumba ya upana wa mita 8 yenye paa la nyuzi 30. Katikati kabisa unapata mita 2.3, na sehemu ambayo mtu anasimama wima chini ya mita 2 za kimo ni ukanda wa mita moja hivi. Hicho si chumba, ni kichochoro! Inua kuta za pembeni mita moja juu ya sakafu ya darini, kwa tofali za kuchoma, na ukanda ule ule unakuwa mita 4 na nusu. Mteremko haujaguswa. Toa unene wa dari, bado unabaki na chumba cha watu.

Kitanda kiweke upande wa chini, kichwa kuelekea ukuta mfupi. Aliyelala hahitaji kimo. Kabati refu lisimame kwenye ukuta wa pembetatu mwisho wa nyumba, na madirisha yawe huko huko, moja kila mwisho ikiwezekana, upepo upite. Dirisha la kutoboa kwenye bati usinitajie, nimeona ndoo nyingi chini yake. Rangi nyeupe. Ukipaka mteremko kahawia utajiona umelala ndani ya sanduku.

Linalonitisha kuliko yote ni msumeno. Kenchi za kawaida zimejaa mbao za kukingama, na mbao ya chini ndiyo inayozifunga kuta zisisukumwe nje. Fundi anayezikata ili "kufungua nafasi" anakuachia paa linalofungua nyumba. Na ile mbao ya 2x4 iliyowekwa kubeba jipsamu haiwezi kubeba kitanda, kabati na watu watatu. Maamuzi haya hufanywa kwenye ramani, pamoja na mhandisi na kibali cha halmashauri, kabla ya msingi. Tuko jirani na msitu wa Sao Hill, shamba kubwa la miti la taifa. Kukosa mbao za maana hapa ni kisingizio cha ajabu.

Na kwa nini nalipigia kelele? Kwa sababu ukisimama Kalenga utaona viwanja vinavyolisogelea bonde la Ruaha Mdogo. Kila anayetandaza vyumba sita chini, chini ya paa tupu, anakula tuta la mboga la mtu. Halafu sokoni tunalalamika nyanya zimepanda.

Ngazi ndiyo itakayowashinda wengi, maana ngazi ya kweli hula nafasi ya mita 3 kwa moja na watu wanaionea uchungu. Ile ya kuegemeza iacheni kwenye mwembe. Haishukiki usiku na mtoto mgongoni.