Risala ya Wazazi Waliopata Mimba kwa Upandikizaji

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Ndugu Mganga Mkuu wa Serikali, waheshimiwa viongozi, madaktari na wauguzi:

Sisi ni wazazi wa Tanzania tuliopata ujauzito kwa upandikizaji baada ya miaka ya kuhangaika na kusemwa. Tiba hiyo hatuilalamikii, imetupa watoto. Kero zetu zinahusu kipimo cha damu ya mama kinachochunguza kromosomu za mtoto kuanzia wiki ya 10.

1. Fomu za kipimo hicho tunazojaziwa zina nafasi ya umri wa mama tu. Mwenzetu wa miaka 44 alibeba mimba ya yai alilochangiwa na binti wa miaka 26, akaandikwa mwenye hatari kubwa ya kasoro za kromosomu. Umri unaohesabika ni wa yai, si wa tumbo. Tena zipo maabara zisizoweza kusoma majibu sawasawa bila kujua kuwa yai si la mama. Tunaomba fomu moja ya wizara inayouliza yai ni la nani na umri wa mwenye yai, ijazwe faraghani. Kuulizwa "yai ni lako?" kwa sauti dirishani, foleni nzima ikisikia, ni kudhalilishwa.

2. Baadhi yetu tulipandikizwa viinitete viwili, kimoja kikaishia njiani. Vinasaba vyake huweza kubaki kwenye damu ya mama kwa wiki nyingi na kuleta jibu la kasoro asiyo nayo mtoto aliye hai. Tunaomba ultrasaundi itangulie kuchota damu, na aliyepoteza pacha aelezwe wazi udhaifu huo.

3. Hapa ndipo tulipoumia zaidi. Kipimo hiki ni cha uchunguzi wa awali. Kinasoma vinasaba vitokavyo kwenye kondo la nyuma, ambavyo mara nyingine hutofautiana na vya mtoto. Lakini wapo kati yetu waliopokea majibu kwa ujumbe wa simu Ijumaa jioni: "Hatari kubwa, trisomi 18." Daktari hapatikani hadi Jumatatu. Mama na baba wanakaa na simu ile mkononi, wakiogopa hata kumwambia bibi. Tunaomba majibu ya namna hiyo yatolewe ana kwa ana, pamoja na ushauri nasaha, na kipimo cha kuthibitisha kwa maji ya uzazi kipatikane katika hospitali za rufaa za kanda.

4. Sampuli zetu zimesafirishwa nje ya nchi kwa gharama zetu. Vinasaba vya kondo vikiwa vichache, jambo linalotokea zaidi katika mimba za upandikizaji, majibu hayatoki. Kuhusu gharama, Ubelgiji bima inalipia kipimo hiki tangu 2017. Tunaomba, chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, kifikiriwe kuingizwa kwenye kitita cha mafao ya bima, angalau kwa wenye hatari kubwa.

Mheshimiwa Waziri, tunajua bajeti ina mengi ya kubeba. La fomu halihitaji fedha nyingi. Tunaomba lianze hilo.

Tunaomba kuwasilisha.