Mega zetu zinakufa usiku

Bandugu, tuseme wazi. Juzi tulichanga franga watu wanne, tukanunua mega za saa 24 ili tushushe masomo ya Kiingereza. Jioni umeme ukakatika hapa Gihosha, simu zikazima. Umeme uliporudi kesho yake, mega zilikuwa zimekwenda, na hata nusu hatukuzigusa. Tukapigia kampuni. Dada mmoja akajibu kwa adabu: "Muda umeisha."

Muda wa nani? Ukinunua unga kilo mbili sokoni, muuzaji haji usiku kuchukua uliobaki!

Wengine wanatuambia: nyinyi wakimbizi, shukuruni tu. Hapana. Wakati wa kulipa hakuna anayetuuliza kama tuko wakimbizi. Halafu hii vita si mpya kwetu. Kule Kongo, kuanzia 2020, kodi ya RAM ilikuwa inakata inite, mpaka dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 4G. Watu walipiga kelele, wabunge nao, na 2022 ikaondolewa.

Sisi hatuombi mega za bure. Zile tulizolipa zikae mpaka tuzimalize wenyewe, hata kama ni siku 30.