Kamera ya plastiki: burudani ya familia au pesa iliyopotea?

Mwezi huu nina barua ya mama mmoja anayeishi Leicester, Uingereza. Binti yake wa miaka 13 anataka anunuliwe kamera ya filamu, tena ile ya plastiki inayofanana na kitu cha kuchezea, kwa kuwa rafiki zake wanazo. Mama anauliza: "Simu anayo, na inapiga picha safi. Kwa nini nitoe pesa kwa kamera ambayo picha zake zina ukungu, na kila roli nilipe tena? Pesa hiyo si bora nimtumie mama yangu Tanga?"

Swali ni la haki. Sitamjibu kwamba filamu inaishinda simu, maana haiishindi. Simu ina kasi, inaona gizani, na picha hufika Tanga kabla chai haijapoa. Lakini tuulizane: kati ya picha elfu kadhaa zilizomo ndani ya simu zetu, ni ngapi zimewahi kutoka humo? Ni ngapi ziko ukutani kwa bibi?

Jibu langu ni hili: mnunulie, ila kwa sharti moja. Picha nzuri za kila roli zichapishwe kwenye karatasi, ziandikwe majina nyuma, na angalau moja imfikie bibi mkononi. Bila sharti hilo, mama, una haki kukataa.

Zilikotoka

Kamera hizi huitwa za kuchezea kwa sababu ya umbo na bei. Lenzi kwa kawaida ni ya plastiki, kasi ni moja tu au mbili, na hakuna kioo cha kuangalia ulichopiga. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilitoa kamera iliyoitwa Brownie, kisanduku cha karatasi ngumu kilichouzwa dola moja Marekani, na watoto walikuwa miongoni mwa wateja iliowalenga. Miaka ya 1960 ikaja Diana kutoka Hong Kong, ya plastiki tupu, rahisi kiasi cha kutolewa kama zawadi kwenye maonyesho.

Maarufu zaidi leo ni Holga, iliyotoka Hong Kong mwaka 1982. Mbunifu wake, T. M. Lee, hakukusudia kutengeneza mchezo. Alitaka familia za kawaida za Uchina, zisizomudu kamera ya bei, nazo zipate kupiga picha za watoto wao. Wapiga picha wa nchi nyingine waliipenda baadaye kwa kasoro zake: katikati ya picha panaonekana vizuri, pembeni pamefifia, na kona zina giza. Mwaka 2000 mpiga picha wa habari David Burnett aliitumia Holga kumpiga Al Gore akiwa kwenye kampeni ya urais wa Marekani, na picha hiyo ikapata tuzo. Kwa hiyo plastiki si kikwazo. Kinachotakiwa ni kujua inaweza nini na haiwezi nini.

Hesabu kwanza

Kwa Uingereza, roli ya rangi ya picha 36, pamoja na kusafishwa na kuskaniwa, mara nyingi hufika pauni 20 au kuzidi. Tukichukua pauni 20, kila picha ni kama peni 56. Holga hutumia filamu pana iitwayo 120, inayotoa picha 12 za mraba, na kwa bei hiyohiyo kila picha ni pauni 1 na peni 67. Zipo pia kamera za nusu fremu, zinazogawa kila nafasi mara mbili. Roli ya 36 hutoa picha 72, kila moja kama peni 28. Ila uliza kwanza, kwani baadhi ya studio hutoza zaidi kuskani nusu fremu.

Ushauri wangu kwa familia: roli moja kila likizo ya shule, basi. Roli tatu kwa mwaka ni kama pauni 60, na mtoto achangie kidogo kutoka kwenye hela yake ya matumizi. Anayechangia hapigi ovyo. Hapo ndipo somo lilipo: mtoto aliyebakiwa na picha nne, na Idi au Krismasi bado haijafika, hujifunza kuangalia kabla ya kubonyeza.

Wanafunzi wa vyuo nao waulize kama chuo kina klabu ya wapiga picha. Baadhi zina chumba cha giza cha kusafishia filamu nyeusi na nyeupe, na gharama hupungua sana mkinunua dawa kwa kuchangiana.

Uanze na ipi?

Kwanza kabisa uliza nyumbani. Huenda baba au shangazi ana kamera ya zamani ya filamu kabatini, ikisubiri betri tu. Maduka ya mitumba ya misaada nayo huwa nazo, kwa bei ndogo.

Kama hakuna, jaribu kamera ya kutupa, ile inayouzwa ikiwa na filamu ndani, kwa kawaida picha 27. Ukishaona mtoto amependa, nunua ya kudumu. Kodak M35 ni nyepesi, hutumia filamu ya kawaida ya milimita 35, na ina flashi ya betri moja ndogo. Ndugu yake, Ektar H35, iliyotoka mwaka 2022, ni ya nusu fremu na ndiyo inayobana matumizi. Holga ningemwachia kijana aliyekwisha kumaliza roli mbili tatu, maana filamu yake ni ghali na si kila studio huisafisha.

Tahadhari moja: mtoto asifungue kamera ya kutupa yenye flashi ili aone kilichomo. Ndani mna kifaa kinachohifadhi umeme wa nguvu, na kinaweza kumpiga shoti hata betri ikiwa imetolewa.

Filamu na jua la mahali ulipo

Kwa kuwa kamera hizi hazijirekebishi, kazi ya kuchagua inahamia kwenye filamu. Kwenye boksi utaona namba: 100, 200, 400, 800. Namba ikiwa kubwa, filamu inahitaji mwanga mdogo zaidi. Anayeishi Maskati au Dubai, kwenye jua kali, 200 inamtosha. Anayeishi Glasgow au Toronto, ambako mawingu hukaa siku nzima, achukue 400, na ndani ya nyumba awashe flashi.

Filamu ya rangi huvumilia mwanga ukizidi kuliko ukipungua. Ikizidi kidogo, picha bado itatoka. Ikipungua, utapata kiza chenye chengachenga. Kwa hiyo ukiwa na shaka, msogeze mtu karibu na dirisha au mtoke nje.

Roli ya kwanza

Haya ndiyo ya kumfundisha mtoto siku ya kwanza.

Umbali. Kamera nyingi za aina hii huona vizuri kuanzia mita moja. Mwambie apige hatua mbili kubwa kutoka kwa mtu. Akikaribia zaidi, uso hutoka na ukungu. Kwenye Holga kuna vichoro kwenye lenzi: mtu mmoja, familia, kundi na mlima. Ni lazima uchague kabla ya kupiga.

Kidirisha. Unapochungulia, huoni kupitia lenzi, unaona kupitia tundu la pembeni. Ndiyo maana unaweza kupiga roli nzima ukiwa umesahau kufungua kifuniko cha lenzi, na kidirisha kisikuambie kitu. Acha pia nafasi juu ya vichwa vya watu.

Flashi. Nguvu yake ni ya mita mbili tatu tu. Kumulika ukumbi mzima wa harusi ni kupoteza picha.

Utulivu. Viwiko vibane mbavuni, vuta pumzi, bonyeza polepole.

Kusogeza filamu. Baada ya kila picha, zungusha mpaka mwisho. Kwenye Holga unatazama namba kwenye kidirisha chekundu cha nyuma. Usipozungusha, picha mbili hupandana. Wengine hufanya hivyo makusudi: wanampiga bibi kibarazani, kisha bila kusogeza filamu wanampiga mjukuu. Ni mchezo unaowafurahisha sana watoto, ila mara moja kwa roli inatosha.

Mwisho, usifungue mgongo wa kamera kabla filamu haijaisha na, kwa zile za milimita 35, kurudishwa ndani ya kopo lake. Mwanga ukiingia, picha zimekwenda.

Na adabu haiachwi nyumbani. Mtu aombwe kabla ya kupigwa, hasa wanawake na watoto wa wenyewe. Wanaoishi Ghuba wawe waangalifu zaidi, kwani kumpiga mtu bila ridhaa yake kunaweza kukufikisha kwenye sheria. Kambi za jeshi na sehemu za ulinzi usizielekezee kamera, huko wala nyumbani Afrika Mashariki.

Ukisafiri

Hapa ndipo wengi wetu tunapopoteza picha za likizo, na bahati mbaya ni zile zisizorudika. Viwanja vingi vya ndege sasa vina mashine mpya za kukagulia mizigo ya mkononi, ziitwazo CT, na mionzi yake huharibu filamu ambayo haijasafishwa. Mashine za mizigo ya chini nazo ni kali. Kwa hiyo filamu usiiweke kwenye sanduku la chini kamwe. Iweke kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, na umwombe afisa kwa upole aikague kwa mkono. Wengine hukubali, wengine hukataa. Fika mapema, na usibishane.

Kinga bora ni kupunguza safari za filamu. Ukijua studio ya kuaminika mahali unapokwenda, safisha hukohuko kabla ya kurudi. Filamu ikishasafishwa haiogopi tena mashine yoyote.

Joto nalo ni adui. Kamera yenye filamu isiachwe ndani ya gari lililo juani, iwe Salala au Mombasa. Filamu ambayo haijatumika ikae kwenye friji, ndani ya mfuko uliofungwa. Ukiitoa, iache saa moja mbili ipate joto la chumba kabla ya kuifungua.

Roli ikiisha

Ukipeleka studioni, omba mambo mawili: skani, na negativu zako zirudishwe. Baadhi ya studio hutupa negativu usiposema. Hizo ndizo mbegu. Faili za skani zikipotea, negativu itatoa nyingine, leo au miaka 30 ijayo.

Kisha familia ikae pamoja. Katika picha 36, msishangae zikiharibika 10. Hicho ni kiasi cha kawaida kwa anayeanza. Mtoto achague tano, na aeleze kwa nini. Mara nyingi atachagua ambazo wewe usingezichagua: viatu mlangoni, mkono wa baba kwenye usukani, sufuria jikoni. Msikilize. Hayo ndiyo anayoyaona kuwa nyumbani kwenu.

Hizo tano zichapishwe. Nyuma ya kila moja aandike kwa Kiswahili, kwa penseli laini ili wino usipenye: nani yuko pichani, ni wapi, ni lini. Kwa mtoto anayezungumza Kiswahili lakini haandiki, ni zoezi zuri kuliko kitabu cha mazoezi. Akikwama kwenye neno, atakuuliza.

Wengi wetu tuna picha moja ya zamani ya wazee wetu, nyeusi na nyeupe, imepigwa studioni. Unguja zipo nyingi zilizotoka Capital Art Studio, ambayo Ranchhod Oza aliifungua mwaka 1930. Picha za namna hiyo zimevuka bahari na kuhama nyumba kwa sababu zilikuwa kitu cha kushika, na kuna mtu aliyezitunza. Ila nyingi hazina jina nyuma, na wazee waliokuwa wanawajua waliomo wanaendelea kutuaga. Kwa hiyo msiandike majina ya picha mpya tu. Mkiwa na albamu ya zamani, mpigieni simu bibi leo, mumsomee kila sura ilivyo, na muandike anachosema.

Moja kati ya zile tano itiwe kwenye bahasha ngumu, au apewe msafiri wa kwanza anayekwenda nyumbani. Bibi ambaye simu yake haifungui viungo wala faili hahitaji kumwita mjukuu wa jirani amfungulie. Ataishika, ataigeuza, na nyuma atakuta mwandiko wa mjukuu wake.